Laivu isiyokatika ukiwa Mbeya, Iringa na huku kwetu baridini

Mtu akitaka kuanza kurusha laivu swali la kwanza huwa ninunue simu gani, la pili ile taa ya duara inauzwa wapi hapa Mwanjelwa. Hayo weka pembeni kwanza. Kama ukipiga video kol unaonekana vizuri, simu uliyonayo inatosha kuanzia. Laivu za huku zinauawa na mtandao wa kupandisha na sauti, hivyo viwili. Mtu hatoki kwenye laivu yako eti picha sio kali kama ya tivii, ila ikiganda mara mbili tatu au sauti ikaanza kukwaruza anasepa, na hutajua maana hakuagi.

Haya yanamfaa yeyote anayerusha kutoka Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, awe anauza mitumba, anarusha ibada, harusi au anaonyesha shamba lake la parachichi kwa wanunuzi.

Akaunti kwanza, na mapema

Kila mtandao una masharti yake na watu wanakuja kuyajua siku ya tukio. Facebook tangu 2024 wanataka akaunti iwe na umri wa siku 60 kwenda juu na wafuasi wasiopungua 100. Instagram tangu 2025 wanataka wafuasi 1,000 na akaunti iwe wazi kwa wote. YouTube kwa simu lazima uwe na sabskraiba 50, alafu mara ya kwanza ukiomba laivu inaweza kuchukua mpaka saa 24 kufunguka, kwahiyo yule anayefungua chaneli Ijumaa usiku na harusi ni Jumamosi pale Forest tayari kashachelewa. Ujanja upo, ukirusha YouTube kwa kompyuta zile 50 haziulizwi, unathibitisha namba ya simu na kusubiri hayo masaa basi. TikTok lazima uwe umetimiza miaka 18, na wafuasi wanaotakiwa wanatofautiana kwa eneo, we bonyeza kile cha kujumlisha uangalie kama LIVE imetokea. Kama haipo endelea kuposti, usiende kwa wale wanaojitangaza wanafungua laivu kwa hela, wanakuomba paswedi alafu akaunti inahamia kwao.

Mtandao, hapa ndo pana kazi

Wengi wakipima spidi wanaangalia ile namba kubwa, 40 hiyo, wanafurahi, kumbe hiyo ni ya kushusha na laivu haina habari nayo. Laivu inakula ile nyingine, ya kupandisha (upload), ambayo kwenye laini za simu mara nyingi ni ndogo sana kuliko ya kushusha. Chukua hiyo ndo upange nayo.

Hizi namba za p ni ukali wa picha, na kbps ni spidi, kbps 1,000 ni sawa na Mbps 1. Kwa makadirio ya kawaida picha ya 480p inataka kbps 1,000 hadi 1,500, ya 720p yenye fremu 30 inataka 2,500 hadi 4,000, na 1080p anzia 4,500 kwenda juu. Sasa usitumie yote uliyonayo. Kipimo kikikupa Mbps 4 za kupandisha we rusha 2 mpaka 2.5 mwisho, ile inayobaki ni ya kufidia maana mtandao wa simu unapanda na kushuka kila dakika, ukijaza mpaka juu ikishuka kidogo tu unaganda. Mimi msimamo wangu kwa huku ni 720p kwa 2,500, na kama eneo ni bovu nashuka 480p bila aibu yoyote. Anayekuangalia yupo kwenye kioo cha simu cha inchi sita ndani ya daladala, hiyo 1080p yako haioni.

Bando nalo lina hesabu yake rahisi, kila Mbps 1 unayorusha inakula karibu MB 450 kwa saa. Kwahiyo 2,500 kbps ni kama GB 1.1 kwa saa, ibada ya masaa matatu inakaribia GB 3.5 ukijumlisha sauti, nunua 5 ulale usingizi. Na uangalie muda wa bando kuisha, sio ujazo tu. Bando la saa 24 ulilonunua jana saa nne asubuhi litakata leo saa nne asubuhi, mchungaji ndo kwanza anafungua Biblia.

Eneo kalipime mwenyewe, na ukalipime siku kama ile na saa kama ile. Ukumbi ulioupima Jumanne saa tano asubuhi uko mtupu hauna maana, Jumamosi saa mbili usiku kuna watu mia tatu humo ndani wote wanaposti stetasi, na mtaa mzima uko nyumbani unaangalia video, mnara ni ule ule. Kama ni mechi Sokoine au Samora nenda siku ya mechi nyingine ukapime katikati ya kipindi cha kwanza.

Alafu milima. Huku sio Dodoma kwamba mnara unauona kutoka mbali, ukielekea Tukuyu au ukiingia makorongo ya Makete na Ludewa unaweza kuwa barabarani una 4G safi, ukashuka mita hamsini kwenye migomba unabaki na E, yaani 2G. Kwahiyo ukifika sehemu usiweke stendi pale panapopendeza, tembea kwanza na simu mkononi. Na usiamini vile vimistari vya juu, ingia kwenye seting, kuhusu simu, hali ya laini, utaona nguvu ya siginali imeandikwa kwa namba za hasi za dBm. Karibu na hasi 85 uko vizuri, ukifika hasi 100 anza kuwa na mashaka, hasi 115 hapo hamna laivu. Hatua kumi kuelekea dirishani au kupanda ngazi moja zinaweza kukutoa hasi 112 ukaenda hasi 98, na hiyo ni tofauti ya kuganda na kutoganda.

Bati linaua siginali kuliko watu wanavyodhani, na makanisa yetu mengi ni bati juu na nondo kila mahali. Dawa yake ni simu mbili. Moja au rauta iwe dirishani upande unaotazama mnara, inatoa hotspoti, nyingine ndo ya kurushia inakaa mbele inachukua wifi. Hapo kamera inakuwa huru na mtandao unakaa panapopatikana.

Laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine, laini mbili za mtandao mmoja zikianguka zinaanguka pamoja. Kuhusu mvua, wengi wanasema mvua ikinyesha 4G inakufa, kwa kweli mvua yenyewe haiigusi sana 4G, tatizo ni kwamba minara mingi inaongea na minara mingine kwa maikrowevu na zile mvua kubwa zinazidhoofisha, na hapo hapo umeme unaweza kukatika mnara ukabaki kwenye betri. Rungwe wanajua. Msimu wa mvua laini ya akiba ni lazima.

Simu inayopigiwa katikati ya laivu

Hii inastahili sehemu yake. Watu wanaweka Usinisumbue wanadhani wamemaliza. Simu haiiti kweli, lakini kol inafika, na kama laini yako haipitishi sauti kwenye 4G basi kol ikiingia simu inashushwa kwenye 3G au 2G ili iipokee, na laivu inaganda pale pale, wewe unaona kimya tu kumbe shangazi anapiga kuuliza sherehe inaanza saa ngapi. Ukiwa na laini mbili kwenye simu moja ni hivyo hivyo, simu nyingi kol ikipokelewa laini ya kwanza data ya laini ya pili inasimama.

Suluhisho la kwanza, simu ya kurushia iwe na laini moja tu, namba ambayo hamna mtu anaijua. La pili kama laini ni ile ile ya kila siku, hamisha kol zote ziende simu ya mtu mwingine: piga **21* ikifuatiwa na namba ya huyo mtu alafu #. Salio la kol zinazohamishwa ni lako kwahiyo liwepo. La tatu kama unatumia wifi, weka hali ya ndege alafu washa wifi peke yake, hapo hata waziri akupigie kol ya kawaida haingii.

Seting, kwa ufupi

Ukirusha moja kwa moja kwenye apu ya TikTok au Facebook, kbps inajipanga yenyewe, hauna cha kuchagua, unachoweza ni kufunga apu nyingine zote na kuzima kujisasisha na kule kupandisha picha kiotomatiki ambako huwa kunaanza wakati wowote. Ukitaka udhibiti kwa simu kuna apu ya Larix Broadcaster, unaweka kbps mwenyewe. Kwa kompyuta programu ya kurushia ya OBS Studio ni ya bure na inatosha kanisa, harusi na kila kitu. Humo weka kbps ulizopanga, pale palipoandikwa Keyframe Interval isiwe ziro weka sekunde 2, sauti kbps 128, na kwenye seting za Advanced kuna tiki ya kuruhusu kbps zibadilike zenyewe mtandao ukibanwa, iweke. Chini kulia wakati unarusha kuna alama na fremu zilizodondoka, ikiwa kijani endelea, ikigeuka njano kila mara punguza kbps, usisubiri nyekundu.

Amua wima au mlalo kabla ya kubonyeza kuanza. TikTok na Instagram wima, ibada ya YouTube mlalo, apu nyingi zinashika vile ulivyoanza nayo na ukigeuza katikati watu wanaangalia kwaya imelala ubavu. Na fanya jaribio, Facebook weka Mimi tu, YouTube weka faragha, rusha dakika kumi, alafu chukua simu nyingine yenye bando lake, ingia kwa akaunti hiyo hiyo, ujiangalie kama mgeni.

Umeme, hamna mengi, pawabenki iliyojaa na kebo inayofika, simu iwe inachaji muda wote. Ila huku kuna la ziada, betri kwenye baridi inaonyesha 40 alafu inazima ghafla, kwahiyo ukirusha alfajiri Kitulo au Njombe mwezi wa saba simu ikae ndani ya koti mpaka dakika ya kuanza. Mchana ni kinyume chake, jua la milimani kali hata kama upepo ni wa baridi, simu kwenye stendi inapata moto inaanza kujipunguza, itoe kava na uitafutie kivuli.

Sauti

Maiki ya kubana kolani, hata ya bei ya chini, inashinda simu mpya isiyo na maiki. Makambako na Mufindi upepo haupumziki, hivyo maiki iwe na ile sponji au manyoya, ukiwa nje bila hiyo watu wanasikia upepo tu. Mvua kwenye bati hamna maiki inayoiweza, msogeleshe msemaji maiki mpaka karibu na mdomo na uongee kwa zamu na mvua, au weka kwaya.

Kanisani na ukumbini usirekodi spika kwa simu, chukua sauti kwenye mixa. Muombe fundi mitambo akupe ile ya kutolea iliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT, iingie kwenye saundi kadi ya USB ndo iende kwenye kompyuta au simu. Ukiichomeka mixa moja kwa moja kwenye tundu la earphone la simu, sauti inaingia kubwa mno na inapasuka. Alafu vaa earphone usikilize masikio yote mawili, kuna kebo zinapeleka sauti upande mmoja tu, na mtu wa nje atakwambia baada ya saa nzima kwamba alikuwa anasikia sikio la kushoto. Na mwambie fundi mitambo kwa heshima, mnunulie hata soda, akishika sauti yenu vibaya hamna utakachofanya.

Kuwafanya wakae

Sasa mtandao umetulia, watu wanaingia. Kosa linaloniudhi kuliko yote ni mtu kukaa dakika saba anasema tusubiri kidogo wenzetu waingie, wenzetu waingie. Aliyewahi ndo mteja wako, na ndo unamchosha! Anza na kitu hapo hapo. Muuza mitumba akate kamba ya belo mbele ya kamera sekunde ya kwanza, hamna atakayeondoka kabla hajaona kilichomo. Mwenye shamba aanze na tunda limekatwa mkononi.

Kumbuka mtu anaingia muda wowote, hajui nini kimeendelea. Kila baada ya dakika nne tano sema tena wewe nani, uko wapi, unafanya nini. Unaona kama unajirudia ila anayekusikia ni mwingine.

Nikupe mfano wa mitumba maana huko ndo hela ilipo. Kila nguo iwe na namba imeandikwa kwenye karatasi kubwa imebanwa. Unainua, unasema: "Namba kumi na nne, gauni la kitambaa kizito cha baridi hii ya Uyole, kifua inchi thelathini na nane, nimepima na futi mbele yenu, hapa kwapani pana kishimo kidogo mnakiona, elfu kumi na mbili." Unasogeza kile kishimo kwenye kamera. Hicho kishimo kinakuuzia nguo zingine kumi, watu wakiona umeonyesha ubovu mwenyewe wanaamini na yaliyobaki. Shikilia nguo sekunde kumi hivi imetulia, ukiipepea picha inakuwa ukungu hasa mtandao ukiwa mdogo, mwendo mwingi ndo unaokula kbps. Ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja, kitenge chenye maua madogo madogo kinaharibu picha kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna kuchelewa kati ya unachosema na wanachoona, inaweza kuwa sekunde kumi, inaweza kufika thelathini. Kwahiyo ukiuliza swali usikodoe macho kwenye komenti ukisubiri, uliza, endelea kuongea, alafu rudi usome majibu. Kwenye mauzo hii inaleta ugomvi, wawili wanadai namba kumi na nne kila mmoja aliwahi. Weka sheria mapema na uirudie: wa kwanza kuonekana kwenye komenti za simu ya msaidizi, na analipia ndani ya dakika kumi, akipitisha inaenda kwa wa pili.

Msaidizi ni muhimu kuliko taa. Wewe unaongea, yeye anasoma komenti, anafuta matusi, anaandika oda kwenye daftari, na anahakiki malipo. Ahakiki kwenye meseji ya muamala iliyoingia kwenye simu yenu na salio, skrinshoti sio malipo, zinatengenezwa kirahisi sana. Na wateja waambiwe wasiandike namba zao za simu kwenye komenti, waje inboksi, matapeli wanakaa humo humo wanakusanya namba na kupiga wakijifanya ni wewe.

Taja watu. "Kamwene dada wa Mafinga, karibu, mzigo wako unapanda basi kesho asubuhi." "Mugonile wa Kyela, leo mko wengi." Dada wa Mafinga hatoki tena huyo, na wenzake wanaandika walipo ili nao watajwe. Kaka yuko Dubai anaandika yeye wa Ileje, anajibiwa na mwingine wa Ileje aliyeko Dar, komenti zinaanza kuongea zenyewe. Ukiweka ratiba andika saa mbili usiku ya Tanzania, wa nje wajipigie hesabu.

Harusi, msiba na mambo ya haki

Nyimbo za DJ ndo mtego wa harusi. Mitandao inazitambua zenyewe, laivu inazimwa sauti au inakatwa kabisa wakati maharusi ndo wanaingia. Ongea na MC na DJ mapema, sehemu muhimu kama viapo na nasaha zisiwe na muziki wa watu chini yake, na muziki ukipigwa punguza laini ya mixa uache maiki ya ukumbini tu. Hata hivyo sio uhakika. Kwaya ikiimba nyimbo zake yenyewe uko salama zaidi, ila kama wameshazirekodi na kuzisajili kupitia msambazaji, mwambieni mapema asiwakate wenyewe. Harusi ya watu wa familia tu iweke YouTube isiyoorodheshwa alafu linki itumwe kwenye grupu la WhatsApp.

Msiba uko tofauti. Siku hizi ndugu walioko mbali wanaomba laivu ya maziko na ni msaada mkubwa kwao, lakini omba ruhusa kwa msemaji wa familia sio kwa kijana wa familia, stendi ikae juu na mbali, usivute sura ya mtu anayelia, usisome komenti kwa sauti. Na hapo hapana kutaja taja watu na kuomba wafuate ukurasa.

Watoto usiwaweke kwenye kamera bila wazazi kukubali. Na ukitaka kurusha habari kama tivii ya mtandaoni, hiyo ni shughuli ya leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) chini ya kanuni za maudhui mtandaoni, nenda ofisini kwao uulize kabla hujaanza.

Ikikatika

Itakatika tu siku moja. Usifungue laivu mpya haraka haraka, subiri kidogo, apu nyingi zinajiunga zenyewe mtandao ukirudi ndani ya muda mfupi na watu wanabaki pale pale. Ukifungua mpya unawagawa, nusu wako kule kwenye kioo cheusi. Ikishindikana hamia laini ya akiba, shusha ubora ngazi moja, na msaidizi aandike kwenye posti ya kwanza na grupu la WhatsApp kwamba tunarudi baada ya dakika tano. Ukirudi usitumie dakika tatu kulaumu mtandao, sema samahani, endelea na namba uliyoishia.

Ukimaliza hifadhi video siku hiyo hiyo. Facebook tangu 2025 wanafuta video za laivu baada ya siku 30, kwahiyo ile ubatizo au send-off ishuke kwenye kompyuta au flashi mapema, alafu kata vipande vya sekunde thelathini uviposti wiki nzima, hivyo ndo vitaleta watu wa laivu ijayo. Oda zote zijibiwe usiku huo. Na kama ulihamisha kol, piga ##21# kuzirudisha kabla hujalala, la sivyo kesho asubuhi wateja wote wa Tunduma watakuwa wanaongea na mdogo wako.